Kinachoua Pampu za Haidroliki

Eskaveta ikipoteza nguvu katikati ya kazi, lawama ya kwanza huangukia pampu. Pampu hung'olewa, hutafutwa nyingine, mara nyingi ya mtumba iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa, hufungwa, mafuta hujazwa na mashine hurudi kuchimba jioni ileile. Baada ya wiki chache ile ya pili nayo huanza kulia. Mwenye mashine husema ameuziwa pampu mbovu, muuzaji husema fundi hajui kufunga, fundi husema opereta ndiye anayeumiza mashine. Huenda kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini swali lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza halikuulizwa: pampu ya kwanza iliuawa na nini, na vipande vyake vimeishia wapi?

Katika mfumo wa haidroliki, mafuta ni spea kama spea nyingine, tena ndiyo spea pekee inayogusana na zote. Yanatoka tankini, yanapita kwenye pampu, valvu, hozi na jeki, yanarudi kupitia kipoza na filta, kisha yanaanza safari upya. Uchafu uliozaliwa mahali pamoja hautabaki hapo. Ndiyo maana ninaamini kwamba usafi wa mafuta ndio kiini cha ufundi wa haidroliki, na kwamba kukaza na kufungua nati ni nusu ndogo tu ya kazi. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanalijua hilo vizuri. Kinachowazuia ni namna kazi yao inavyoagizwa na kulipwa, jambo nitakalolirudia baadaye.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alieleza kwamba shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Mwaka 1795 Joseph Bramah alisajili hataza ya mashine yake ya kukandamiza huko Uingereza, na kanuni ya Pascal ikawa kazi ya karakana. Mashine za zama hizo zilitumia maji. Daraja la Tower Bridge la London, lililofunguliwa mwaka 1894, liliinuliwa kwa maji yaliyosukumwa na injini za mvuke hadi miaka ya 1970, lilipobadilishiwa mitambo na kuanza kutumia mafuta na umeme. Mafuta yaliyashinda maji kwa sababu hayaleti kutu na yanalainisha. Lakini ushindi huo ulikuja na sharti lake. Kimiminika kinachobeba nguvu ndicho hichohicho kinacholainisha pampu, kwa hiyo kikichafuka, kila kinapopita kinasaga.

Eskaveta ya kisasa hufanya kazi kwenye shinikizo la karibu baa 350. Liweke shinikizo hilo nyuma ya pistoni ya jeki yenye kipenyo cha sentimita 10 na utapata nguvu ya kuinua karibu tani 28. Ili shinikizo kubwa hivyo lisivuje ndani kwa ndani, sehemu za pampu zimesogezwa karibu mno. Nafasi kati ya pistoni na tundu lake hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita, na kwa kawaida ni mikroni 5 hadi 40. Kwenye valvu nyeti zaidi nafasi hushuka hadi kati ya mikroni 1 na 4. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na jicho zima haliwezi kuona chembe iliyo chini ya mikroni 40. Fundi anayechovya kidole kwenye mafuta, akayatazama juani na kusema ni safi, ametazama uchafu ule tu ambao ni mkubwa kupita kiasi. Ule unaoingia katikati ya pistoni na tundu, unaochonga chuma na kuzaa chembe nyingine ngumu za kuendelea kuchonga, hakuuona wala asingeweza kuuona.

Kwa sababu hiyo viwanda vilikubaliana lugha ya kupima usafi. Kipimo cha ISO 4406 huandikwa kwa namba tatu, mfano 18/16/13, na kila namba inawakilisha idadi ya chembe katika mililita moja ya mafuta: zinazozidi mikroni 4, zinazozidi 6, na zinazozidi 14. Namba ikipanda kwa moja, idadi ya chembe imeongezeka maradufu. Namba 18 ina maana ya chembe zaidi ya 1,300 hadi 2,500. Namba 13 ni zaidi ya 40 hadi 80. Kwa pampu za pistoni zenye shinikizo kubwa, 18/16/13 ni shabaha inayotajwa mara kwa mara. Na hapa ndipo watu wengi hushangaa: mafuta mapya, yaliyofungwa kwa lakiri ya kiwandani, mara nyingi hayafikii kiwango hicho. Yamepita kwenye mabomba, magari ya mafuta na mapipa. Kisha pipa limekaa wima nje ya ghala, mvua imetuama juu yake, joto la mchana limelitanua na ubaridi wa usiku umelifanya linywe maji taratibu kupitia kizibo. Mafuta mapya ni mapya tu. Usafi unatafutwa kwa kuyapitisha kwenye filta kabla hayajaingia tankini, na kifaa chake hakihitaji anasa: pampu ndogo, filta nzuri na hozi mbili juu ya toroli. Karakana inayohudumia mashine tatu au nne ingepaswa kuwa nacho kabla ya kununua spana nyingine.

Uchafu una milango mingine, na ule ninaouona umepuuzwa kuliko yote ni kipumulio cha tanki. Jeki zikitoka, kiwango cha mafuta tankini hushuka na hewa huingia. Zikirudi, hewa hutoka. Mashine inayochimba kutwa inavuta hewa mamia ya mara, na hewa yenyewe ni ile ya machimbo ya kokoto, ya barabara ya udongo mwekundu, ya shamba lililokauka mwezi wa Septemba. Chembe za mchanga ni ngumu za kutosha kukwaruza chuma. Kipumulio chenye filta yake kikivunjika, mahali pake huwekwa kitambaa kilichofungwa kwa waya au chupa ya plastiki iliyokatwa, na kazi inaendelea. Akiba iliyopatikana ni bei ya kifaa kidogo, na gharama yake italipwa kwa pampu.

Mlango mwingine ni fimbo ya jeki. Kila inaporudi ndani, sili ya nje inatakiwa kuifuta vumbi na tope. Sili hiyo ikichanika, au kromu ya fimbo ikiwa na mashimo ya kutu, fimbo inaingia na mchanga wake. Kwenye bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa chumvi ya bahari huharakisha mashimo hayo, na mashine ikiegeshwa kwa muda mrefu huku fimbo ziko nje, kutu huanza palepale zilipo wazi. Kurudisha jeki ndani kadiri inavyowezekana kabla ya kuiacha mashine ni kazi ya dakika moja, na fimbo zinazobaki nje zipakwe grisi.

Milango hii yote, hata hivyo, ni midogo ikilinganishwa na ule unaofunguliwa na fundi mwenyewe siku ya matengenezo. Hozi moja ikifunguliwa kwenye eneo la kazi, huku lori linapita jirani na upepo unavuma, saa moja inaweza kuingiza uchafu mwingi kuliko miezi ya kazi ya kawaida. Kwa hiyo utaratibu mzuri wa kufunga unaanza kabla ya spana. Mashine inaoshwa kwanza, hasa mahali patakapofunguliwa. Kila mdomo unaofunguliwa unazibwa palepale kwa kizibo cha plastiki au cha chuma. Tambara halizibi, linaacha nyuzi. Sehemu zilizofunguliwa zinalazwa juu ya meza iliyofutwa, zikaoshwa kwa kiosheo safi, zikapakwa mafuta ya haidroliki na kufunikwa. Kubadilisha hozi na kukaza kiungo kinachovuja vinaweza kufanyika porini kwa uangalifu. Kufungua pampu au bloku ya valvu porini ni kuiharibu, hata fundi awe hodari namna gani, na nadhani mafundi wazoefu wangefanya vema kukataa waziwazi.

Hozi zinastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu ndizo zinazofungwa kila siku. Mpira unapokatwa kwa diski ya grainda, ndani hubaki unga wa mpira na vipande vya waya. Bila kusafishwa, uchafu huo wote unasubiri mafuta ya kwanza yausukume hadi kwenye valvu. Maduka mazuri hupitisha kipande cha sponji kwa upepo wa kompresa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha huziba ncha zote mbili. Mteja ana haki ya kudai hivyo. Ana haki pia ya kujua anauziwa hozi ya daraja gani, kwa maana hozi yenye tabaka moja la waya na yenye matabaka manne zinaweza kufanana kwa nje huku uwezo wake ukitofautiana sana. Ubavuni mwa hozi huandikwa aina, shinikizo la kazi na tarehe ya kutengenezwa. Kwa hozi za kawaida za haidroliki, shinikizo la kupasuka huwa mara nne ya shinikizo la kazi. Ziada hiyo imewekwa kwa ajili ya mishtuko na uchakavu, kwa hiyo si ruhusa ya kununua hozi dhaifu.

Hozi ikishapata mafuta yenye shinikizo hubadilika urefu, ikafupika au kurefuka kidogo, hivyo iliyovutwa ikanyooka kabisa wakati wa kufunga itang'oa kiungo chake. Iliyosokotwa hujitahidi kujisokotoa kila presha inapopanda, mpaka waya zake zinakatika. Mstari wa maandishi ubavuni husaidia: ukiuona unazunguka baada ya kukaza, legeza na ufunge upya, safari hii ukishikilia kiungo kwa spana ya pili.

Kisha kuna nyuzi za skrubu. Mashine zetu zimetoka Japani, Uingereza, Uchina, Uturuki, India na Marekani, na kila moja imekuja na nyuzi zake. Nyuzi za Uingereza zina pembe ya digrii 55, za bomba za Marekani zina pembe ya digrii 60. Lakini kwa ukubwa wa nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaingiana na hata kukaza zinakaza. Zitavuja, fundi atakaza zaidi, zitavuja tena, atazungushia tepu nyeupe ya bomba la maji. Tepu hiyo ni msiba. Viungo vingi vya haidroliki havizibwi na nyuzi. Huzibwa na uso wa chuma ulioinama au na oringi, na nyuzi kazi yake ni kushikilia tu. Tepu haiwezi kuziba mahali ambapo haigusi, na vipande vyake vinavyokatika husafiri hadi kwenye valvu na kuifanya igande nusu wazi. Jeki inayoshuka yenyewe baada ya "matengenezo madogo ya kiungo" mara nyingine ina kipande cha tepu kwenye valvu yake. Dawa ni kupima nyuzi kwa kipimo chake na kununua kiungo sahihi, hata kama duka lenye nacho liko Gerezani, Dar es Salaam, nawe uko Tunduru.

Pampu mpya ina sharti lake moja ambalo likivunjwa inaweza isidumu hata dakika kumi. Kabla ya kuwashwa, ganda lake lazima lijazwe mafuta safi kupitia tundu lake la juu, maana ndani yake kuna sehemu zinazosuguana tangu mzunguko wa kwanza. Injini inawashwa kwa mwendo wa taratibu bila mzigo, jeki zinatolewa na kurudishwa polepole mara kadhaa bila kufikishwa mwisho, hewa inatoka, kiasi cha mafuta kinaangaliwa na kuongezwa. Na kama pampu ya zamani ilisagika, tanki lifunguliwe na kuoshwa kwa mkono, mabomba yasafishwe, jeki zimwagwe mafuta ya zamani, filta zote zibadilishwe, kisha zibadilishwe tena baada ya saa 50 hivi za kazi. Kipoza mafuta ndicho kigumu kuliko vyote kukisafisha, kwa sababu vijia vyake vyembamba hushika vipande vya shaba na kuviachia kidogokidogo. Ukisikia pampu ya pili imekufa ndani ya mwezi mmoja, anza kukishuku kipoza.

Joto, hewa na maji vinakuja baada ya uchafu. Mafuta yakipanda zaidi ya nyuzi joto 82 za Selsiasi, sili huanza kukakamaa na mafuta yenyewe kuzeeka. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wataalamu ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 hukata maisha ya mafuta karibu nusu. Chanzo mara nyingi ni mapezi ya kipoza yaliyozibwa na vumbi na majani, kitu kinachotibiwa kwa maji na brashi. Uzito wa mafuta, yaani mnato wake, nao uchaguliwe kwa mujibu wa kitabu cha mashine na hali ya hewa. Namba 46 na 68 kwenye pipa zinaonyesha uzito katika nyuzi 40, na mashine iliyozoea joto la Dar es Salaam ikipelekwa kwenye asubuhi za baridi za Makete inahitaji muda wa kupashwa moto kabla ya kubebeshwa kazi. Hewa hujitambulisha kwa povu tankini na jeki zinazocheza. Pampu inayokosa mafuta kwa sababu bomba la kuvutia limeziba hutoa sauti kama ya kokoto zinazozunguka ndani yake, na kila kokoto hiyo ni kiputo kinachopasuka na kumega chuma. Maji hugeuza mafuta yafanane na maziwa. Ukidondosha tone kwenye bamba la moto likachachatika, maji yamo.

Niongeze onyo fupi kuhusu kuchanganya. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya asili ya glikoli, huvimbisha na kulainisha sili za mpira wa nitrili zinazotumika sana kwenye haidroliki. Kosa la upande wa pili, mafuta ya haidroliki kwenye breki za namna hiyo, huharibu mipira ya breki na linaweza kuua watu barabarani.

Kosa la utambuzi linaloniudhi zaidi ni lile la valvu ya usalama. Mashine imepungua nguvu, fundi anakaza skrubu ya valvu hiyo nusu mzunguko, nguvu inarudi kidogo, kila mtu anafurahi. Kilichotokea ni kwamba pampu iliyochakaa imelazimishwa kubeba presha kubwa kuliko ilivyopangiwa, na hozi, sili na hata vyuma vya mkono wa mashine navyo vimeingizwa hatarini. Skrubu hiyo isiguswe bila geji. Geji inasema presha ipo au haipo. Kipimo cha mtiririko kinasema pampu inatoa lita ngapi kwa dakika chini ya mzigo. Kiasi kinachovuja kupitia bomba dogo la ganda la pampu kinasema imechakaa kiasi gani. Filta ya zamani nayo ni shahidi. Ikatwe kwa kikatio badala ya msumeno usioacha kumwaga unga, karatasi yake itandazwe. Rangi ya shaba inaelekeza kwenye sehemu za ndani za pampu ya pistoni, vipande vyeusi vya mpira vinaelekeza kwenye sili au hozi, na chuma kinachonaswa na sumaku kinaelekeza kwenye beringi, shafti au meno.

Yote haya yanahusu mashine. Mwili wa fundi hauna spea. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo la hozi yenye presha hutoboa ngozi, na aliyedungwa huona alama ndogo tu, pengine bila maumivu makali mwanzoni, huku mafuta yamekwisha kusambaa ndani ya kidole au kiganja. Asiposhughulikiwa haraka hospitalini kwa upasuaji anaweza kupoteza kidole, hata mkono. Mvujo hutafutwa kwa kipande cha boksi au mbao, kamwe si kwa kiganja, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyodungwa kwa presha. Kabla ya kulegeza kiungo chochote, mkono wa eskaveta ulazwe chini, injini izimwe, na vishikio vichezeshwe ili presha iliyobaki itoke. Kwa tipa, asiingie mtu chini ya bodi iliyoinuliwa bila nguzo imara ya chuma. Bodi inayoshikiliwa na jeki peke yake imeshikiliwa na sili moja na hozi moja. Na vile vyombo vinavyohifadhi presha kwa gesi, akumuleta, hujazwa naitrojeni tu. Oksijeni ya kuchomelea ikikutana na mafuta ndani yake italipuka.

Kwa nini basi mambo haya, mengi yake ya gharama ndogo, hayafanyiki? Angalia malipo. Mashine hukodishwa kwa saa, kwa hiyo kila saa ya kusimama ni hasara ya mwenye mali. Fundi hulipwa kwa kurudisha mashine kazini, na anayesema "nahitaji siku mbili za kuosha mfumo" hupoteza kazi kwa anayesema "jioni hii inatembea". Opereta halipwi kwa dakika kumi za kupasha mafuta moto. Mnunuzi wa vipuri husifiwa kwa filta ya bei ya chini. Kila mmoja anatenda kwa akili ndani ya nafasi yake, na pampu inakufa katikati yao. Kuwafundisha mafundi upya bila kugusa mpangilio huu kutasaidia kidogo sana, ingawa vyuo vya ufundi kama vya VETA vikiufundisha usafi kwa uzito uleule wa uchomeleaji vitakuwa vimefanya jambo kubwa.

Mwenye mashine ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha hesabu. Kuosha mfumo baada ya pampu kufa kuandikwe kama kazi inayojitegemea, yenye bei yake, na asiyeilipia asipewe dhamana ya pampu. Mashine iwe na daftari linaloandikwa saa, siyo tarehe, maana filta na mafuta vinahesabiwa kwa saa za kazi. Mafuta ya haidroliki kwa mashine nyingi hubadilishwa kati ya saa 2,000 na 5,000 kulingana na aina yake na kitabu chake. Sampuli ya mafuta ichukuliwe mashine ikiwa inafanya kazi na ina joto, kwenye chupa safi, kutoka bomba la kurudi, kabla ya filta, na ipelekwe kwa wauzaji wakubwa wa mashine wanaotoa huduma ya vipimo. Gharama ya kipimo kimoja hailingani hata kidogo na ya pampu. Na mkataba wa kukodisha utaje muda wa matengenezo, saa ngapi kwa wiki, ili opereta anayezima mashine kuosha kipoza saa sita mchana awe anatekeleza mkataba, wala asihesabiwe kuwa ameiba muda wa tajiri.